Sauti Yangu Haijastaafu

Mimi nimestaafu tangu mwezi wa tatu. Sauti yangu bado iko kazini. Kila siku inasimulia filamu ambazo sijaziona, na juzi niliikuta Mtaa wa Kongo ikinadi dawa ya panya kutoka kwenye spika ya mkokoteni. Naiogopa. Nasema hivyo mapema kwa sababu nyinyi vijana mnaoanza kazi hii mmeniomba niandike maneno ya kuwatia moyo, na sitaki mtu afike katikati ndipo agundue kwamba sina mengi ya namna hiyo. Nitaeleza kazi ilivyokuwa, kisha nitaeleza nilivyoitoa sauti yangu mwenyewe, bila mtu kunishikia fimbo.

Naitwa Selemani Chilumba, ila Kariakoo wananijua kama Sele Mdomo. Kazi yangu ilikuwa kusimulia filamu za nje kwa Kiswahili: za Kihindi, za karate, za vita. Watu hutuita watafsiri. Ni jina la heshima kupita kiasi, maana Kihindi sikijui, Kichina sikijui, na Kiingereza changu kiliishia darasa la saba. Tulichokuwa tunafanya ni kumtazama mtu anavyokunja uso na kusogeza midomo, kisha tunampa maneno. Vyeo hatukuwa navyo. Habari za malipo naziruka, hazina la kumfundisha mtu.

Nilitoka Newala nikiwa na miaka kumi na tisa, nikafikia kwa binamu yangu Gerezani. Jirani na chumba chetu kulikuwa na banda la video: mabati, mabenchi sita, televisheni moja juu ya meza, na blanketi lililotundikwa mlangoni ili mwanga wa mchana usiingie. Aliyesimulia pale ni Bakari Nalinga, mtu wa Masasi, mfupi, mwenye kikohozi kisichoisha. Sote tulimwita Kaka Beka. Alikaa kwenye kigoda kando ya televisheni na maiki mkononi, na watu walicheka pale alipotaka wacheke. Nilikuwa naingia kila siku saa tisa alasiri. Siku moja kikohozi kilimbana katikati ya filamu. Akaangaza macho kwenye mabenchi, akaniona nachezesha midomo.

"Wewe kijana, njoo hapa," akasema. "Endelea nilipoachia."

"Sijui wanasema nini, kaka."

"Hata mimi sijui. We waangalie macho."

Ndivyo nilivyoanza. Filamu ilikuwa ya Kihindi na mwanzo wake sikuwa nimeuona vizuri, kwa kuwa nilichelewa. Nikaona mwanamume na msichana wanazungumza kwa upole bustanini, nikatangaza kwamba ni kaka na dada. Baada ya nusu saa wakafunga ndoa. Banda zima likaacha kutazama televisheni, likanitazama mimi. Nikameza mate, nikasema kumbe msichana aliokotwa akiwa mchanga, na siri hiyo bibi wa nyumba ameificha miaka yote. Watu wakaguna. Mama mmoja akasema yeye alishahisi tangu mwanzo. Kesho yake Kaka Beka aliisimulia filamu hiyo hiyo kwa namna yake, watazamaji wakamkatalia, wakadai ile ya mtoto wa kuokotwa. Alicheka hadi akakohoa tena.

Kwa miaka saba nilikaa kwenye kigoda cha pili. Kaka Beka alinifundisha kuitazama filamu kwanza bila sauti, nisome nyuso, ndipo niisikilize. Hedifoni nivae sikio moja tu, lile jingine niwaachie watu wangu. Maji yawe ya uvuguvugu, na maziwa nisiyaguse siku ya kazi. Mtu akifa kwenye filamu ninyamaze kidogo kabla ya kusema lolote, nimpe marehemu nafasi yake. Sharti lake kubwa lilikuwa jingine. Alikuwa hataki mtu aigize kwenye maiki. Ukicheka, cheka kweli. Ukilia, mtafute mtu wako wa kumlilia.

"Maneno tunga unavyotaka," aliniambia. "Ila kilio usitunge. Watu wa mabenchi watakujua."

Sikumwona akilivunja sharti hilo hata kwa filamu mbovu, na nyingi zilikuwa mbovu.

Televisheni zilipoingia majumbani, mabanda yakaanza kufungwa. Kaka Beka alirudi Masasi, na huko ndiko alikofia. Mimi nilichukuliwa na Mama Temu, mwanamke wa Moshi aliyekuwa na duka la kanda za video Mtaa wa Sikukuu, baadaye likawa la diski. Ghorofa ya tatu juu ya duka alitengeneza chumba cha kurekodia. Ukutani tuligongomea trei za mayai na magodoro ya zamani ili kelele za wamachinga zisipenye. Feni ilizimwa wakati wa kurekodi, kwa hiyo mashujaa wengi wa kivita nimewasimulia nikiwa nimevaa singlendi na taulo shingoni. Adhana ikianza tulisimama. Ilikuwa heshima, na pia hakukuwa na godoro la kuizuia. Mama Temu mwenyewe, Mkristo wa kanisa la kila Jumapili, ndiye aliyekuwa akinikumbusha saa ya adhuhuri.

Nilifanya naye kazi miaka mingi kuliko niliyopanga. Filamu iliyonitia jasho kuliko zote ilikuja kanda yake imekatika mwisho, wakati muuaji hajajulikana bado. Nililazimika kumchagua muuaji tangu mwanzo na kuanza kuwatia watu shaka juu yake taratibu. Nilimchagua daktari. Miaka miwili baadaye tuliipata filamu nzima, na muuaji alikuwa ni mtoto wa tajiri. Bado nadhani daktari alifaa zaidi.

Sasa niseme habari za mke wangu Zuhura, maana bila yeye haya mengine hayaeleweki. Aliugua figo. Asubuhi ya mwisho akiwa nyumbani, kabla hatujampeleka hospitali, aliniomba nimfungie fundo la kanga kifuani kwa kuwa vidole vyake vilikuwa havina nguvu. Nililifunga vibaya, likafunguka. Akacheka, akasema miaka ishirini na miwili ya ndoa na mume hajui kufunga kanga. Nikalifunga tena. Hakurudi nyumbani.

Siku ya nne baada ya maziko nilipanda ngazi za Mama Temu. Alinitaka nirudi nikapumzike, nikakataa kwa sababu nyumbani hakukuwa na wa kuongea naye. Filamu ya siku hiyo ilikuwa na mwanamke anayefariki mikononi mwa mumewe. Nilinyamaza kama nilivyofundishwa. Nilipofungua mdomo, nikameza kitu, halafu sauti ikakatika, nikalia kilio nilichokuwa nakizuia tangu makaburini. Filamu ikaendelea, na mimi nalia. Baadaye niliomba turudie kipande kile. Mama Temu alikuwa amekaa kwenye ngazi, anajifuta uso kwa kanga.

"Acha hivyo hivyo, Sele," akasema. "Ukirudia utaharibu."

Kwa miaka mingi watu walinisimamisha njiani kunipa pole kwa ajili ya diski ile. Na tangu siku hiyo, filamu yoyote yenye kulia, mimi nilikwenda kwenye lile fundo la kanga. Nilikuwa nafika pale, namwona Zuhura anacheka, na kilio kinakuja chenyewe. Sijui kama ilikuwa halali kumtumia hivyo. Nilijiambia kwamba angejua angenitania tu.

Mwaka juzi koo langu lilianza kukwaruza. Daktari aliniambia kuna uvimbe kwenye nyuzi za sauti, niongee kidogo na nisipaze kabisa. Kwa msimuliaji hayo ni maneno magumu kukaa nayo. Wiki ile ile Mama Temu alikuja nyumbani na mtoto wa dada yake, Denis, mtu mzima wa miaka thelathini aliyesomea mambo ya kompyuta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, siku hizi kuna akili mnemba inajifunza sauti ya mtu. Unaisomea tu, yenyewe inaihifadhi."

"Inaihifadhi ili iweje?"

"Isipotee, mzee. We ni hazina ya taifa."

Mtu akishaitwa hazina huwa hasikii vizuri maneno yanayofuata. Mama Temu akaongeza, "Koo lako likifunga kabisa, Sele, tutabaki na nini?" Alisema kwa huruma ya kweli, simsingizii. Mimi nilidhani ni kama kuweka nguo sandukuni. Zitakaa humo, nami nitakuwa na ufunguo. Nikatia saini karatasi bila kuisoma.

Tulirekodi wiki nane, saa moja kila asubuhi ili nisiumize koo. Nilisoma mamia kwa mamia ya sentensi. Nilisoma nikiwa na hasira, nikiwa na furaha, nikinong'ona. Nilicheka, nilikohoa, nilishangaa, nilimwita mtu wa mbali na mtu wa karibu. Denis alikuwa na adabu, ananiletea maji ya uvuguvugu bila kuambiwa. Siku za mwisho akaniambia:

"Mzee, leo tunaomba kilio. Cha aina tatu. Cha taratibu, cha uchungu, halafu cha mtu anayejizuia."

Hapa ndipo nilipokosea, na nataka mnielewe, kwa sababu ni kosa ambalo mtu wa kazi nyingine asingelifanya. Karani angeigiza kidogo akaenda zake. Mimi mbele ya maiki sijui kuigiza kilio, nilikatazwa nikiwa kijana na katazo likaniingia. Nikafumba macho, nikaenda kwenye lile fundo. Denis akasema nzuri sana, tunaomba turudie. Nikarudia. Akaomba tena. Alinirudisha mara kumi na moja, na kila mara nilimfungia Zuhura kanga upya. Mara ya tisa niliviona vidole vyake wazi kuliko siku yoyote tangu afe. Mara ya kumi na moja nikaviona vidole peke yake. Uso haukuja.

"Asante mzee," Denis akasema. "Imetosha. Imeshaelewa."

Nikamuuliza imeelewa nini. Akasema ni namna ya kusema tu.

Baada ya mwezi waliniita kuisikia. Denis aliandika mstari mmoja kwenye kompyuta, akabonyeza, na kwenye spika nikasikika nawakaribisha watazamaji filamu ya jioni. Sauti ilikuwa ile ya kabla ya ugonjwa, nzito na yenye nafasi, kwa kuwa Denis aliilisha na diski zangu za zamani. Nilijishika koo kuangalia kama limetikisika. Mama Temu alikuwa anatabasamu, akaacha aliponiona. Aliniuliza kama nimechukia. Nikasema hapana, kwa sababu sikuwa na jina la nilichokuwa nacho. Sasa ninalo. Niliogopa, kama mtu anayesikia hatua chumbani kwake wakati yeye yuko uani.

Basi, mwezi wa tatu nikaaga rasmi. Walinikatia keki na kunipa saa ya ukutani. Wiki ile ile filamu tatu mpya zikatoka kwa sauti yangu.

Mwanzoni nilijitahidi kuona fahari. Nilizitazama zote. Ile sauti haikosei. Kihindi inakijua, Kichina inakijua, kaka hawi kaka kama si kaka. Inanyamaza mtu anapokufa, na inanyamaza muda ule ule niliokuwa nanyamaza mimi. Nilitafuta mahali ambapo ningesema hapa mimi ningefanya tofauti, nikapapata mara mbili tu. Halafu nikaikuta kwenye mkokoteni wa dawa ya panya. Halafu mtu mmoja tunayefahamiana kwa salamu akanisimamisha pale Mnazi Mmoja, akanishika mikono yote miwili.

"Mzee Sele, Mungu akubariki. Zile salamu ulizomtumia binti yangu siku ya harusi, tumezipiga ukumbini, mama yake kalia mpaka basi."

Sikuwa nimetuma salamu zozote. Hata jina la binti yake silijui. Nilimtazama yule baba, furaha yake ilivyokuwa, nikasema hongereni sana. Nilitembea hadi nyumbani nikiwaza. Kama inaweza kubariki ndoa bila mimi, kesho inaweza kumtukana mtu, na mlango utakaogongwa ni wangu.

Nikaenda kwa Mama Temu. Nilimwambia naomba izimwe. Aliinama, akazungushazungusha pete yake kidoleni.

"Sele, ningekuwa na uwezo ningeizima leo. Denis aliwapa wenzake waijaribu, wenzake wakawapa wengine. Hata mimi nasikia filamu zako sijui zimetoka wapi."

"Denis afute."

Denis alikuwa amesimama mlangoni. "Mzee nisamehe," akasema. "Nikifuta ya kwangu, nakala zingine zinabaki. Sijui ziko ngapi. Iko kwenye simu za watu."

Aliomba msamaha kama mtu aliyeelewa alichofanya, na hilo liliniogopesha kuliko kama angekuwa jeuri. Na ufunguo wa sanduku haukuwa kwake wala kwa Mama Temu.

Tangu hapo nyumbani naongea kwa kunong'ona. Simu ikiwa karibu naifunika kwa mto kabla sijafungua mdomo, ingawa najua ni ujinga, maana nilichonacho walishakichukua chote. Asubuhi nikiamka nasema neno moja kwa sauti ili nijisikie. Sauti inayotoka imekwaruza, nyembamba, ya mzee. Siku nyingine naisikia na inachukua muda kidogo kabla sijakubali kwamba ni yangu. Vijana wangu, hofu hiyo siwezi kuwaeleza vizuri. Kifo nimekizoea, nimewasimulia wafu wengi. Hii ni nyingine.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Feri kununua samaki. Kwenye banda la mama mmoja mkaangaji kulikuwa na watu wanne wanasubiri, na simu imeegemezwa kwenye dumu la mafuta, inaonyesha filamu. Sauti ilikuwa yangu. Nilinunua samaki wangu, nikafungiwa kwenye gazeti, na ningeweza kuondoka. Kwenye filamu mwanamume mmoja akaketi kitandani kando ya mkewe aliyekwisha kata roho. Sauti ikanyamaza. Kisha ikameza, ikakatika, ikalia. Mkaangaji akaacha mwiko hewani. Kijana mpara samaki, magamba bado mikononi, akageuza uso pembeni.

Nilikijua kilio kile. Kilikuwa cha siku ya nne baada ya maziko.

"Huyo ni mimi," nikasema.

"Nani, babu?" akauliza mkaangaji.

"Anayesimulia. Mimi ndiye Sele Mdomo."

Wakatazamana. Hawakuwa wakorofi. Mpara samaki akanitazama kwa huruma kidogo. "Sele mwenyewe? Mbona sauti yako imechoka hivyo, babu?"

"Hebu mwache atusimulie," mkaangaji akasema. Akairudisha filamu nyuma, akazima sauti, ikabaki picha. "Haya babu. Hapo hapo anapolia."

Nikasimama mbele ya ile simu ndogo. Yule mwanamume akaketi tena kitandani. Nilisema maneno machache, nikanyamaza, nikaenda nilikozoea kwenda. Nilimfungia Zuhura kanga, nikalia. Koo likakwaruza, kilio kikatoka vipande vipande, na katikati nikakohoa.

Mpara samaki alitikisa kichwa taratibu. "Unamwiga vizuri, babu. Ila kwenye kulia bado hujapata. Yeye anameza kwanza, halafu ndo sauti inakatika. Sikiliza." Akawasha sauti. Ile ikameza, ikakatika, ikalia. "Umeona? Rudia."

Ningeweza kuondoka. Najua ningeweza. Lakini sikumbuki kama nimewahi kutaka jambo kama nilivyotaka wale watu waniamini. Nikavuta pumzi. Nikaisikiliza kichwani ilivyofanya, inapomeza, inapokatika, kilio kinapopanda na kinaposhuka, nikaifuata hatua kwa hatua. Nilimeza kwanza. Nikakatika pale inapokatika.

Wakapiga makofi, wote.

"Hapo sasa," akasema mpara samaki. "Hapo ndo yeye kabisa."

Niliwashukuru, nikachukua samaki wangu. Nilikuwa nimeshafika geti la kivuko cha Magogoni, mashavu bado yana machozi, ndipo nilipogundua kwamba nimelia kilio kizima na Zuhura hakuwemo.